Gofu Nairobi Mwezi wa Julai: Mwongozo wa Mgeni Asiye na Klabu

Mtu aliyezoea kucheza viwanja vya pwani kama Nyali kule Mombasa au Dar es Salaam Gymkhana, akija Nairobi Julai kwa shughuli za kikazi na begi lake la gofu, atakutana na mambo manne ambayo pwani hayapo: baridi ya asubuhi, mwinuko unaourusha mpira mbali, nyasi za kikuyu zinazoshika fimbo, na utaratibu wa klabu ambao hauandikwi popote. Baridi huwa ameshaambiwa, akabeba sweta. Hayo mengine matatu ndiyo humharibia kadi ya mapigo.

Baridi yenyewe ikoje

Msimu huanza Juni na kuisha Agosti, Julai ikiwa kilele. Alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12, mchana likapanda hadi 20 au 22. Si baridi ya kufunga uwanja. Adui hasa ni wingu. Upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka baharini, hewa hiyo ikipanda nyanda za juu hupoa na kuwa wingu zito la chini linalolifunika jiji tangu usiku. Mara nyingi halifunguki hadi saa tano au saa sita mchana, na siku nyingine halifunguki kabisa. Mvua ya maana ni haba, ila manyunyu hayakosi, na kwa kuwa jua halitoki, umande na manyunyu ya usiku havikauki.

Ndiyo maana picha za Magical Kenya Open zisikudanganye. Mashindano hayo huchezwa Februari au Machi, wakati wa kiangazi, na tangu 2022 hadi 2025 yalikuwa Muthaiga. Mpira unaouona ukidunda na kubingirika kwenye televisheni, Julai utadunda mara moja na kukaa.

Saa ya kuanza

Jua huchomoza kama saa 12:35 asubuhi na kuzama kama saa 12:40 jioni. Raundi ya mashimo 18 kwa watu wanne huchukua muda wa saa nne hadi nne na nusu siku ya kazi. Wikendi weka tano. Hapa karibu na ikweta hakuna machweo marefu, kwa hiyo anayeanza baada ya saa saba na nusu mchana huenda akamalizia shimo la 18 kwa tochi ya simu.

Saa nzuri ni nne au nne na nusu asubuhi. Umande umeanza kupungua, vidole vinashika fimbo, na mashimo tisa ya pili unayacheza mchana, wakati ambao jua likikubali kutoka ndipo litoke. Kuanza saa moja kuna faida moja tu, nayo ni uwanja mtupu. Hasara zake ni soksi kulowa kabla ya shimo la tatu, grini (eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo) nzito, na mwili ambao haujapata joto ukilazimishwa kupiga drayva, fimbo ya mapigo marefu kuliko zote. Ukilazimika kuanza saa hiyo, fika mapema kwa nusu saa nzima, na usianze mazoezi kwa kupiga mpira: zungusha mabega, kiuno na vifundo kwa dakika kumi, kisha piga mipira kama ishirini kwa weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu) na aini (fimbo za chuma) fupi kabla ya kugusa fimbo ndefu.

Siku nazo si sawa. Jumatatu viwanja vingi hukarabatiwa na kufungwa nusu siku au siku nzima. Jumamosi ni ya mashindano ya wanachama, na mgeni asiye na mwenyeji hapati nafasi kirahisi. Lenga Jumanne hadi Alhamisi.

Uwanja upi

Kwa asiye na uanachama popote, pa kuanzia ni Golf Park, uwanja ulio ndani ya Ngong Racecourse, kando ya barabara ya Ngong. Unalipa, unacheza. Kuna pia sehemu ya kupigia mipira ya mazoezi, nayo inafaa sana kwa mgeni kwa sababu nitakayoieleza kwenye suala la umbali. Tahadhari ni moja: huo ni uwanja wa mbio za farasi, na mbio hufanyika Jumapili. Uliza ratiba kabla ya kupanga Jumapili yako hapo.

Windsor, kule upande wa barabara ya Kiambu, ni uwanja wa hoteli, kwa hiyo mgeni si kitu kigeni kwao. Zinazobaki ni klabu za wanachama: Royal Nairobi iliyoanzishwa 1906, Karen iliyofunguliwa 1937 kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, Muthaiga, Railway iliyo jirani kabisa na katikati ya jiji, Vet Lab kule Kabete, Sigona njia ya Kikuyu. Nyingi hupokea wageni siku za kazi kwa ada iliyo juu ya anayolipa mgeni aliyeletwa na mwanachama. Ukimjua mwanachama hata mmoja, mwombe akusindikize. Tofauti ya bei inatosha kumnunulia chakula cha mchana na bado ukabaki na chenji.

Kuna Muthaiga mbili: Muthaiga Golf Club, penye mashimo, na Muthaiga Country Club, ambako ukishuka na begi la fimbo askari wa getini atakutazama tu. Mwandikie dereva jina kamili.

Mwinuko nao uuangalie, maana baridi ya Nairobi haigawanywi sawa. Ukipanda kuelekea Sigona na zaidi Limuru, baridi inaongezeka, na Limuru ya Julai inaweza kuwa na ukungu wa kukuficha bendera ukiwa kwenye feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa. Ukishuka kwa barabara ya Thika hadi Ruiru au Thika kwenyewe, joto huongezeka kidogo na wingu hufunguka mapema. Asiyeipenda kabisa baridi aelekee huko. Limuru ni nzuri mno, lakini Julai mwachie aliyezaliwa huko.

Simu ya siku mbili kabla

Usitokee tu. Piga simu ofisi ya gofu ya klabu, siyo mapokezi ya jumla, na uulize yafuatayo kwa mfululizo huu, kwa sababu jibu la kwanza likiwa hapana huna haja ya kuendelea:

- Mnapokea wageni siku hiyo, na saa ngapi kuna nafasi ya kuanza?
- Mnahitaji cheti cha handikapu (kipimo cha kiwango cha mchezaji) au barua kutoka klabu yangu?
- Ada ya uwanja ni kiasi gani kwa raia wa Afrika Mashariki, na inajumuisha nini?
- Kedi (mbeba fimbo) ni lazima? Ada yake ni ngapi, na analipwa wapi?
- Mnapokea pesa taslimu, kadi au M-Pesa?
- Mnakodisha fimbo na trola (kigari cha begi)?

Swali la tatu ndilo wengi hulisahau. Klabu nyingi zina bei tofauti kwa mwenyeji, kwa jirani wa Afrika Mashariki na kwa mtalii wa mbali, na asiyeuliza huandikiwa ya juu. Beba kitambulisho au pasipoti ili uithibitishe. Na kama klabu yako ya nyumbani ina makubaliano ya kupokeana na klabu ya Nairobi, katibu wako akiandika barua kabla hujasafiri utalipa kidogo zaidi. Barua hiyo huandikwa kabla ya safari. Ukiwa umeshasimama kaunta, hakuna wa kukuandikia.

Kuhusu malipo, klabu kadhaa zimeacha kabisa kupokea noti. Laini ya Safaricom husajiliwa kwa pasipoti, nayo itakusaidia hapa na hasa kwa kedi.

Usafiri: matatu namba 111 hupita barabara ya Ngong, lakini begi la gofu ndani ya matatu ni ugomvi na makanga, na huenda ukalipia kiti chake. Ukiita teksi kwa programu ya simu, kumbuka buti la kigari kidogo halimezi begi lenye drayva ndani. Ama uagize gari la daraja la juu, ama uchomoe drayva na fimbo ndefu, uzilaze kiti cha nyuma.

Nguo na begi

Kanuni za mavazi ni kali kuliko unavyodhani, na klabu huzisimamia zaidi kwa mgeni kuliko kwa mwanachama. Shati liwe na kola na lichomekwe. Suruali ya kitambaa au kaptura ya heshima inayofika karibu na goti. Jinzi, suruali za mazoezi na fulana zisizo na kola hukurudisha getini. Viatu viwe vya meno laini. Simu ndani ya jengo la klabu huwa zina sehemu zake; angalia ubao kabla ya kupokea. Kofia huvuliwa ukiingia ndani.

Kwa baridi, vaa tabaka badala ya koti moja nene. Ndani fulana nyepesi ya kubana, juu yake shati, juu yake sweta isiyo na mikono au nyembamba. Koti zito hubana mabega, na ukilivua shimo la nane halina pa kukaa. Sweta si lazima ununue mpya: kwenye mitumba ya soko la Toi, karibu na Adams, kuna za sufu safi ambazo klabu yoyote itazikubali. Ongeza koti jepesi la mvua, jozi ya pili ya soksi, glavu mbili, na taulo mbili. Taulo moja ni ya mikono na mashiko ya fimbo, na ikae kavu ndani ya begi. Ya pili ni ya kufutia tope. Ukizichanganya, shimo la tano huna taulo.

Kofia ya sufu, ile marvin, ni sawa uwanjani. Lakini mafuta ya kukinga jua yasikose, maana wingu likifunguka saa sita, jua la ikweta kwenye mwinuko huu huchoma shingo huku bado unasikia baridi. Maji vilevile. Huoni jasho, kwa hiyo hunywi, na anayetoka usawa wa bahari hupumua kwa nguvu zaidi akipanda miteremko. Chupa ya lita moja kwa tisa za kwanza si nyingi.

Mipira usiilaze kwenye buti la gari usiku. Mpira baridi ni mgumu na huruka kidogo. Ilaze chumbani. Ila usijaribu kuipasha moto kwa makusudi: kanuni ya 4.2 inakataza kucheza mpira uliobadilishwa tabia kwa kupashwa joto.

Umbali: hesabu upya

Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, huku chini na huku juu kidogo kutegemea mtaa. Hewa ni nyepesi, mpira haupingwi sana, kwa hiyo huruka mbali zaidi kwa asilimia sita hadi saba. Hesabu rahisi ya kichwani: kila yadi 15 ulizozoea pwani, ongeza yadi moja. Aini inayokupa 120 nyumbani itakupa 128. Ya 150 itakupa 160. Ya 180, 192. Kisha toa yadi tatu au nne kama ni asubuhi ya baridi, kwa sababu hewa baridi ni nzito na mpira wenyewe umekakamaa.

Sasa hapa ndipo wageni hukosea. Husikia kuwa mpira unaruka mbali, wakaongeza umbali kwenye fimbo zote, drayva ikiwemo. Drayva haiongezeki. Chukua mpigaji ambaye pwani hurusha yadi 210 angani na mpira ukabingirika 25 kwenye ardhi kavu: jumla 235. Nairobi atarusha 224, lakini kwenye kikuyu mbichi ya Julai mpira utabingirika tano au kumi. Jumla haijafika hata 235. Kwa hiyo kwenye tii (pa kuanzia shimo) cheza kama kawaida, usijaribu kupita bunka (shimo la mchanga) ambayo nyumbani usingeipita kwa mbingiriko. Mabadiliko ni kwenye aini, ambako umbali wa angani ndio kila kitu: fimbo moja pungufu kwenye aini ndefu, na robo tatu ya fimbo kwenye fupi.

Hewa nyepesi pia hupunguza mikunjo. Mpira wako unaopinda kulia utapinda kidogo kuliko kawaida, jambo la kufurahisha, lakini ukiwa umezoea kulenga kushoto ili urudi, hautarudi wote. Nao hushuka kwa mlalo zaidi. Kiangazi hilo huwa tatizo kwenye grini ngumu. Julai grini ni laini, kwa hiyo lenga bendera bila hofu kubwa.

Kabla ya hesabu yoyote, muulize kedi swali hili: vigingi vya umbali ni yadi au mita? Mita 150 ni yadi 164. Ukichanganya, hata hesabu sahihi ya mwinuko itakutupa fimbo nzima.

Ndiyo sababu ya kupitia sehemu ya mazoezi siku ya kwanza, hata kama uwanja utaucheza siku ya pili. Piga mipira kumi kwa aini 9, kumi kwa aini 6, uone inapoangukia. Usisahau kwamba mipira ya mazoezi imechoka na haifiki mbali. Unachotafuta ni tofauti kati ya fimbo na fimbo, zaidi ya umbali kamili.

Nyasi za kikuyu

Nyasi hizi asili yake ni nyanda hizi hizi za juu za Afrika Mashariki, na jina lao limesafiri nazo hadi Australia, Afrika Kusini na uwanja wa Riviera kule Los Angeles. Hutambaa kwa mashina manene yanayosukana kama mkeka. Kwenye feawei iliyokatwa, mkeka huo huuinua mpira, ukakaa kama umewekwa kwenye kijiti cha tii. Usiukate chini kwa nguvu, utapita chini yake na mpira ukaenda juu tu. Ufagie. Aini ndefu na fimbo za mti, ambazo wengi huziogopa, hapa ni rafiki.

Nje ya feawei hadithi hugeuka. Kwenye raf (nyasi ndefu za kando) mpira huzama hadi chini ya mkeka, na yale majani mapana yaliyolowa hujizungusha kwenye shingo ya fimbo. Fimbo hufungika upande wa kisigino, uso hugeuka kushoto, na mpira hutoka chini na kushoto, au hautoki. Kosa la kwanza la mgeni ni kuchukua fimbo ya mti au aini 5 kwa sababu yadi zilizobaki ni 180. Fanya hivi badala yake:

Tazama mpira kwa juu. Ukiona nusu yake au zaidi, aini 8 inafaa. Ukiona kofia yake tu, weji, na urudi kwenye feawei kwa njia fupi kabisa. Uweke mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu. Fungua uso wa fimbo kidogo kabla ya kushika, ili nyasi zikiugeuza urudi ulipotakiwa kuwa. Shika kwa nguvu kwa vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto (wa kulia kwa anayepiga mkono wa kushoto). Inua fimbo wima, ishushe wima, na usisimamishe mkono baada ya kugonga. Mpira ukitoka na kwenda yadi 90, umefanya kazi nzuri. Pigo linalofuata ndilo la kuokolea shimo.

Kando ya grini ndipo mikwaju mingi hupotea, na hupotea kwa njia ileile: mpira uko yadi nne nje ya grini, mchezaji anachukua aini 7 ili ubingirike kama alivyozoea nyumbani. Kikuyu humeza mpira kwenye mdundo wa kwanza. Mara unasimama futi mbili kutoka ulipokuwa, mara unaruka pembeni. Kanuni ni rahisi: mdundo wa kwanza uwe juu ya grini. Kama kati yako na grini kuna yadi moja tu ya nyasi fupi, zilizokatwa na kavu, fimbo ya grini inaruhusiwa. Zaidi ya hapo, weji ya nyuzi 56 au 58, uso wazi, mpira katikati, na upige nyuma yake kidogo kama uko kwenye bunka, ukitoa mpira pamoja na nyasi zake. Swingi iwe ndefu na ya polepole kuliko umbali unavyodai. Anayepiga pigo fupi la ghafla hukwama.

Kuna kutazama mwelekeo wa majani pia. Yakilala kuelekea shimo, mpira hutoka kirahisi na kukimbia. Yakikutazama wewe, ongeza nusu ya nguvu. Pitisha mkono juu ya nyasi zilizo mbali na mpira, utasikia. Usizikandamize wala kuzikunja zilizo nyuma ya mpira wako, hiyo ni adhabu.

Tope kwenye mpira ni jambo la Julai vilevile. Mpira wenye tope upande wa kulia huelekea kuvuta kushoto, na kinyume chake. Kama hairuhusiwi kuusafisha, lenga kwa kufidia na uchukue fimbo moja zaidi.

Kanuni za msimu wa maji

Soma ubao wa starta (msimamizi wa wanaoanza) kabla ya kwenda tii ya kwanza. Uwanja ukiwa umelowa, kamati huweza kutangaza kanuni ya kuuweka mpira upya, wachezaji huiita plesing. Maana yake, mpira ukiwa kwenye nyasi zilizokatwa kwa kimo cha feawei au chini ya hapo, unaweza kuuinua, kuusafisha na kuuweka ndani ya kipimo kilichotangazwa, mara moja tu, bila kusogea karibu na shimo. Kipimo huweza kuwa inchi sita, urefu wa kadi au urefu wa fimbo, kwa hiyo uliza. Haihusu raf, na kama haikutangazwa haipo, hata mwenzako akuapie.

Mpira uliojizika kwenye kidimbwi ulichojichimbia wenyewe kwa kuanguka, sehemu yake ikiwa chini ya uso wa ardhi, una nafuu ya bure popote kwenye eneo la kawaida la uwanja, raf ikiwemo. Bunka haimo. Chukua alama nyuma kabisa ya ulipozama, pima urefu wa fimbo moja, usikaribie shimo, angusha kwa kimo cha goti.

Maji yaliyotuama ambayo unayaona kabla au baada ya kusimama kupiga, nayo yana nafuu ya bure. Ardhi laini tu, yenye kuteleza, haina. Na umande si maji yaliyotuama. Hapa kuna mtego ambao wenyeji wa asubuhi wanaujua: umande ukiwa kwenye njia ya mpira wako juu ya grini, huruhusiwi kuufuta kwa taulo, kwa fimbo wala kwa mguu. Adhabu ni mikwaju miwili. Unachoruhusiwa ni kusukuma kwa nguvu zaidi, na kutazama michirizi iliyoachwa na mipira ya waliotangulia, maana inakuonyesha mteremko bure kabisa.

Ukiwa na shaka kuwa mpira umezama kwenye raf, piga wa akiba kabla ya kuondoka. Dakika za kutafuta ni tatu tu, na kwenye kikuyu dakika tatu ni kufumba na kufumbua.

Kedi

Kwenye klabu nyingi za Nairobi kedi ni lazima au ni kama lazima. Hapangwi na wewe: nenda kwa msimamizi wa makedi, mwambie handikapu yako na kwamba wewe ni mgeni, umwombe anayesoma grini vizuri. Ada imewekwa na klabu, mara nyingi imebandikwa ukutani. Iulize mbele ya msimamizi, isije ikawa mjadala shimo la 18.

Muulize kedi jina na umwite kwalo. Wengi wao hucheza gofu vizuri kuliko wanaowabebea. Kwenye tii ya kwanza mweleze mambo mawili: umbali wako wa aini 7, na kama unataka akuambie fimbo ya kuchukua au akae kimya mpaka umuulize. Akishaona mapigo yako matatu atakupa fimbo sahihi kuliko hesabu yako ya mwinuko, mradi hukumdanganya kuhusu ile aini 7. Kwenye grini msikilize. Grini iliyolowa huonekana na mteremko mkubwa ambao mpira hauufuati, kwa sababu husukumwa kwa nguvu zaidi, na macho ya mgeni hushindwa kuoanisha mambo hayo mawili.

Kazi yake nyingine kubwa Julai ni macho. Mwombe asimame mbele, kando ya raf, kabla hujapiga. Mpira uliozama kwenye kikuyu hauonekani hata ukiukanyaga, na aliyeona ulipoangukia ndiye hukuokolea pigo. Kama tumbili au kunguru ataubeba mpira uliotulia, na kedi ameona, unarudisha mwingine pale pale bila adhabu.

Baada ya shimo la tisa kuna kibanda cha chai. Ni desturi kumnunulia kedi chai na kitafunio, soseji au samosa. Hakuna atakayekudai, lakini wote wataona. Lipa ada yake mwishoni, kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye simu yake au kwa utaratibu wa klabu, na bakshishi iwe kando ya ada. Kabla hajaondoka, hesabuni fimbo pamoja. Glavu na vifuniko vya fimbo hubaki kwenye nyasi kuliko unavyofikiri, na siku ya baridi, mikono ikiwa mfukoni, ndiyo zaidi.

Ukimaliza

Piga simu ya teksi ukiwa shimo la 17 kama umeanza saa nne na nusu. Ukiagiza saa kumi na moja, barabara ya Ngong na ya Kiambu zote huwa zimeshafunga. Kadi iliyosainiwa na mwenzako ipige picha uitume klabu yako ya nyumbani. Raundi ya plesing inahesabika kwa handikapu, usiitupe kwa kisingizio hicho.

Viatu vitoe soli za ndani, vijaze karatasi za gazeti, uvibadilishie karatasi kabla ya kulala. Visianikwe juu ya hita ya hoteli, gundi itaachia. Kichwa cha kila fimbo kifutwe tope na mashiko yapanguswe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha begi liachwe wazi usiku kucha. Kama ndege ni asubuhi, kofia ya begi ifungwe dakika ya mwisho, la sivyo utafungua begi Dar au Mombasa likiwa na harufu ya Julai ya Nairobi na madoa ya kutu kwenye weji.